Kabla Hujauza Pikapu: Ushauri kwa Familia za Kasese na Bwera

Katika wilaya ya Kasese pikapu huwa mali ya ukoo mzima, hata kama kadi yake ina jina la mtu mmoja. Ndiyo inayoshusha kahawa kutoka Kyarumba na Kyondo. Ndiyo inayopandisha saruji ya Hima na mabati ya nyumba mpya. Mama akishikwa na uchungu usiku, ndiyo inayogongewa mlango impeleke hospitali ya Bwera, na siku ya msiba ndiyo inayobeba jeneza. Kwa hiyo mwenye pikapu anapoanza kuwaza kuiuza ili anunue Prado, Forester au RAV4, uamuzi wake unawagusa watu wengi kuliko wanaolala nyumbani kwake.

Hata hivyo, uamuzi huo unaweza kuwa wa haki kabisa. Watoto wanakua, safari za shule na za kanisani zinaongezeka, na njia za milimani hazingoji mtu. Familia inastahili gari lenye mkanda kwa kila mmoja, lenye kupanda mlima bila kulia, na lenye kumpa dereva raha ya usukani. Ninachotaka kusema katika makala haya ni kimoja: chagua gari kwa kupima mambo mawili, kiti cha nyuma na kilomita mbovu kuliko zote katika njia yako ya kila wiki. Nguvu ya injini, rimu pana na jina la gari vifuate baadaye.

Dalili kwamba wakati umefika

Itazame familia inavyokaa ndani ya pikapu ya kabini moja. Baba yuko kwenye usukani, mama mlangoni na mtoto mdogo mapajani, na yule wa miaka saba amebanwa katikati huku miguu ameipanua pande mbili za gia. Kila baba anapovuta gia ya pili, mkono wake unasukuma goti la mtoto. Mtoto huyo hana mkanda, au ana ule wa kiunoni tu. Wale wakubwa wawili wako nyuma kwenye bodi, juu ya magunia, wameshika bomba.

Hapo sina maneno ya kuzunguka: mtoto aliyeketi kwenye bodi hana kinga yoyote. Gari likifunga breki ghafla kwa sababu ya mbuzi au bodaboda, yeye hutupwa. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya familia yako siku nyingi za wiki, wakati wa kubadilisha umeshafika, hata kama pikapu yenyewe bado ni nzima.

Dalili ya pili ni bodi tupu. Pikapu nyingi zina springi za vyuma vilivyopangwa nyuma, zilizotengenezwa kubeba karibu tani moja. Zikiwa na mzigo hutulia. Zikiwa tupu kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, matairi ya nyuma hurukaruka na mkia wa gari huteleza kwenye kona. Kama safari zako nyingi sasa ni za watu na si za magunia, unaendesha gari la kazi katika hali ambayo halikutengenezewa, na mgongo wa mama mzee aliyekaa pembeni unalipa gharama.

Hesabu mizigo kabla ya kuhesabu pesa

Chukua daftari na kwa mwezi mzima andika kila safari: ulikwenda wapi, ulibeba watu wangapi, ulibeba mzigo gani, na je, mzigo huo ungeweza kubebwa na gari la kukodi? Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu hushika safari kubwa na kuzisahau ndogo. Mwisho wa mwezi utakuwa na picha ya kweli.

Wengi watagundua kwamba mizigo mizito hujitokeza kwa msimu. Wakati wa mavuno ya kahawa na wakati wa ujenzi, pikapu hailali. Miezi mingine inabeba kuni, jerikeni na mkungu mmoja wa matoke, vitu ambavyo vingeingia kwenye buti la gari la familia au kubebwa na pikipiki ya miguu mitatu. Kwa mizigo ya msimu, kukodi Fuso au pikapu ya jirani kwa siku chache huenda kukagharimu kidogo kuliko kuwakalisha watoto kwenye bodi mwaka mzima. Uliza bei ya kukodi sasa, uiandike, uizidishe kwa idadi ya safari ulizoziona daftarini. Usiuze pikapu katikati ya mavuno, maana ndipo wa kukodisha nao hupandisha bei.

Lakini kama daftari linaonyesha kwamba pikapu ndiyo inayolipa karo, yaani unabebea wafanyabiashara wa Mpondwe kila siku ya gulio au unasomba kahawa ya wenzako, basi usiiuze. Wewe unahitaji pikapu ya kabini mbili, au ubaki na ile ya zamani kwa kazi na ununue gari dogo la familia taratibu. Kuondoa kinachowalisha ili mkae vizuri ni hesabu isiyofungana.

Kaa pia na wazee na ndugu uwaeleze. Waambie mapema kwamba gari jipya litawapeleka wagonjwa, tena vizuri zaidi, lakini halitabeba jeneza wala mchanga. Kubalianeni nani ataitwa siku ya msiba. Usipofanya hivyo, siku moja utasimama uani mwako mbele ya watu waliofiwa ukieleza habari za viti vya kitambaa, na hakuna atakayekuelewa.

Ijue njia yako

Njia za Kasese si za aina moja. Ya kwanza ni lami, kutoka mjini Kasese hadi njia panda ya Kikorongo, kisha Kinyamaseke, Kisinga, Bwera na mpaka wa Mpondwe. Hapo gari lolote zima linapita. Hatari yake ni spidi, bodaboda, watembea kwa miguu na wanyama, kwa kuwa eneo la Kikorongo linapakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Nyati na tembo huvuka giza likiingia, na nyati mweusi usiku haonekani mpaka taa zimwangukie. Gari jipya lenye nguvu hukudanganya hapa kuliko mahali pengine popote.

Ya pili ni barabara za udongo na changarawe zinazopanda mabega ya Rwenzori. Mvua ya Machi hadi Mei na ile ya mwishoni mwa mwaka huzigeuza kuwa utelezi, na maji huchimba mifereji katikati. Hapa kinachohitajika ni uwazi wa kutosha kati ya tumbo la gari na ardhi, magurudumu manne yanayovuta, na matairi yenye meno. Sentimita 19 au 20 za uwazi zinatosha kwa barabara nyingi za vijiji zinazotunzwa. Pale ambapo mifereji ni mirefu na mawe yamesimama, tafuta sentimita 22 na zaidi.

Ya tatu ni mito. Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha hushuka kutoka milimani na hazitoi taarifa. Nyamwamba ilifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ikasomba nyumba na madaraja na kuiumiza hospitali ya Kilembe. Hakuna gari la familia linalonunuliwa ili kushindana na mto wa namna hiyo. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo, na yakifika sentimita 60 hulisukuma karibu gari lolote, hata kubwa la magurudumu manne. Daraja likizama, zima injini usubiri, au rudi ulikotoka, au lala kwa jamaa.

Sasa jiulize: kilomita yako mbovu kuliko zote iko katika aina gani, nawe unaipita mara ngapi? Anayeishi Bwera mjini na kwenda kijijini Krismasi tu asilipie gari la mlimani mwaka mzima. Anayerudi Ihandiro kila jioni asidanganywe na gari refu la kuonekana tu.

Makundi matatu ya magari

Kundi la kwanza ni magari yaliyojengwa juu ya chesesi nzito kama pikapu yako: Toyota Land Cruiser Prado, Hilux Surf, na Mitsubishi Pajero za zamani. Yana gia ya nguvu iliyoandikwa 4L, inayoliwezesha gari kupanda na kushuka polepole bila kuumiza klachi wala breki. Prado iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2009 huvuta kwa magurudumu manne wakati wote, na ina kufuli la difu ya kati kwa ajili ya matope. Mengi ya magari haya yana safu ya tatu ya viti. Kwa familia ya watoto wengi inayoishi juu mlimani, hili ndilo chaguo la kwanza. Gharama yake ni mafuta, matairi makubwa na bei ya kununulia.

Kundi la pili ni magari mepesi ya magurudumu manne: Subaru Forester, RAV4, Nissan X-Trail. Haya hukaa barabarani kama gari dogo, hukata kona bila kuyumba, na springi zake hulainisha mawimbi ya changarawe ambayo pikapu huyarusha hadi kichwani. Kwa anayetoka kwenye pikapu, ndiyo yenye raha kubwa zaidi usukanini. Hayana gia ya 4L, kwa hiyo hayafai kubururwa kila siku kwenye mawe, wala kupakiwa magunia ya kahawa hadi matairi yazame ndani ya bodi.

Kundi la tatu ndilo linalowaumiza wengi: magari yenye sura ya kundi la pili lakini yanayovuta kwa magurudumu mawili ya mbele tu. RAV4 na Harrier nyingi zilizotoka Japani ni za namna hiyo. Fungua boneti usome kibati cha kiwandani. Kwa RAV4 ya injini ya lita 2.4 ya kizazi cha 2005 hadi 2012, herufi ACA31 huonyesha magurudumu manne, na ACA36 huonyesha mawili. Kwa Harrier ya lita 2.4 ya kizazi cha 2003 na kuendelea, ACU35 ni manne na ACU30 ni mawili. Gari la magurudumu mawili si baya, na kwa mtu wa lami ni nafuu. Ubaya ni kulinunua kwa bei ya manne na kuligundua jioni ya mvua, katikati ya mteremko, watoto wakiwa ndani.

Mtaka cha mvunguni

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kununua gari hilo ni agizo la kweli. Tandika gunia, lala chali, ingiza kichwa chini ya gari ukitokea nyuma. Kati ya matairi ya nyuma unapaswa kuona difu, lile tumbo la chuma la mviringo, na kutoka hapo propela shafti ndefu ikielekea mbele. Usipoiona shafti hiyo, gari halivuti kwa nyuma, haijalishi mlangoni pameandikwa nini. Ukiwa huko chini, tazama kama kuna mafuta yanayovuja kwenye giaboksi, mpira uliopasuka kwenye shafti za magurudumu, na kutu iliyokula mikunjo ya chesesi. Gari lililokuwa likibeba chumvi ya Katwe huonyesha kutu mapema kuliko mengine. Hilo likumbuke pia unapouza yako, kwa kuwa mnunuzi mjanja atalala chini kama wewe.

Ukiinuka, kagua matairi. Gari linalovuta kwa magurudumu manne wakati wote linahitaji matairi manne ya saizi moja yaliyolika karibu sawa. Moja likiwa jipya na matatu yamekwisha, difu ya kati hufanya kazi bila kupumzika hadi inaharibika. Kisha endesha polepole kwenye uwanja mtupu, usukani umekatwa hadi mwisho, kulia na kushoto. Gari likikakamaa, likiruka au likigonga kokoko, kuna ugonjwa ghali ndani. Kama ni Prado au Surf, ingiza 4L mbele ya muuzaji na utembee nayo mita chache. Kuna magari ambayo gia hiyo haijaguswa miaka mingi na imeganda.

Kwa Subaru, acha injini ipoe, fungua kifuniko cha rejeta, washa na utazame maji. Mapovu yasiyokoma au harufu ya moshi ni dalili ya gasketi ya silinda, ugonjwa unaojulikana sana wa injini zake za zamani, hasa za lita 2.5. Inua pia zulia na unuse. Udongo mwembamba chini ya viti na kutu kwenye skrubu za viti huonyesha kwamba gari liliwahi kuzama majini.

Mwisho, wakalishe watoto wako wote kwenye kiti cha nyuma kabla hujalipa hata shilingi. Vuta kila mkanda hadi mwisho na uuachie, uone kama unarudi na kama unafunga. Mkanda wa katikati ndio hupotea ndani ya kiti. Kama mikanda mizima ni mitatu na watoto ni watano, gari hilo si lenu, hata kama linang'aa.

Turbo na hamu ya spidi

Kijana wa nyumbani atapendekeza Forester ya turbo, na ana hoja. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda juu, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwenye mashamba ya kahawa yaliyo mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hiyo ni kama sehemu moja ya tano. Turbo husukuma hewa ndani, na hivyo hupoteza nguvu kidogo kuliko hiyo.

Bei ya faida hiyo ni uangalizi. Turbo inataka oili safi iliyobadilishwa kwa wakati, petroli nzuri, na dereva anayeiacha injini ipumue dakika moja kabla ya kuizima baada ya mlima mrefu. Gari lililokosa mambo hayo kwa mwenye kwanza litakudai wewe. Baadhi ya Forester za kimichezo pia zilitoka kiwandani zikiwa chini zaidi, jambo zuri kwa lami na baya kwa mifereji. Kwa familia nyingi injini ya kawaida inatosha. Anayetaka turbo atafute kwanza fundi anayeijua na mahali pa kupata spea, ndipo atafute gari.

Karatasi na mpaka

Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo Prado nyingi za zamani utazipata kwa watu waliokwisha kuzisajili. Ukiagiza kutoka nje, uliza hesabu kamili kabla ya kutuma pesa: ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 6, na tozo ya mazingira kwa magari yenye umri mkubwa. Bei ya gari Japani huwa sehemu tu ya gharama yote.

Jihadhari na gari la bei ya kushangaza lenye nambari za Kongo linalozungushwa Mpondwe. Kama halijalipiwa ushuru Uganda, linaweza kukamatwa likiwa mikononi mwako, na pesa yako haitarudi. Linganisha nambari ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, na umiliki uhamishwe kwa jina lako kabla hujamaliza kulipa.

Wenye jamaa Kasindi, Beni au Butembo wakumbuke jambo la ziada. Ujenzi wa barabara za kutoka mpakani hadi huko ulizinduliwa Mpondwe Juni 2021, na safari za familia kuvuka mpaka zinazidi kuvutia. Chukua bima ya kadi ya njano ya COMESA, na kumbuka kwamba Kongo huendesha upande wa kulia. Usukani wako uko kulia pia, kwa hiyo unapotaka kulipita lori huoni mbele. Aliye pembeni yako akusaidie kutazama, na mkiwa na shaka bakini nyuma ya lori.

Jifunze kuendesha upya

Pikapu ilikufundisha tabia zake. Ilikuwa na kelele, ikikukumbusha kila mara kwamba unakimbia. Gari jipya liko kimya kwa kilomita 100 kwa saa kama pikapu kwa 60. Wiki za kwanza tazama kipima mwendo mara kwa mara, na mpeane ruhusa ndani ya gari: mama au mtoto akisema punguza, dereva apunguze bila kujibu.

Magurudumu manne husaidia kuondoka na kupanda. Hayafupishi breki hata kidogo. Ukiteremka kutoka mlimani, weka gia ya chini mapema, hata kama gari ni la otomatiki, ili injini ishike uzito na breki zisichemke. Kwenye Hilux ya kizamani ulizoea kuingiza magurudumu manne matopeni na kuyatoa ukifika lami. Gari linalovuta wakati wote halihitaji hilo, ila Prado ukifunga kufuli la kati, lifungue kabla ya kurudi kwenye lami.

Fanya majaribio ukiwa peke yako kwanza. Pita ile kilomita mbovu mchana, barabara ikiwa kavu, kisha siku ya mvua ndogo, kabla ya kupakia familia. Ukijua mahali tumbo linapogusa na mahali matairi yanapoteleza, utaendesha kwa utulivu.

Halafu litumieni kwa furaha, kwa kuwa hilo nalo ni sababu halali ya kulinunua. Watoto wengi wa Kasese wamekua wakiziona gari za watalii zikielekea Mweya na uwanda wa Kasenyi bila wao wenyewe kufika huko. Jumamosi moja wapelekeni wakaone swala na simba wa kwao, mkibaki ndani ya njia zilizoruhusiwa, kisha mpite Katwe wakaone chumvi inavyovunwa.

Anza na daftari leo. Mwezi ukiisha, ukiwa na orodha ya safari, bei ya kukodi, makubaliano na ndugu, na jina la kilomita yako mbovu, nenda kwa fundi unayemwamini kabla ya kwenda kwa muuzaji. Ukifuata mpangilio huo, gari utakalonunua litakuwa la familia kweli, na pikapu itakuwa imeondoka kwa heshima.